Grupu la mliosoma pamoja: namna ya kulilea lisife

Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1999, katika shule ya bweni ya wasichana huko Nyanda za Juu Kusini, kule ambako maji ya kuoga alfajiri yalikuwa yanauma hadi kwenye mifupa. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo, nasi tulikuwa kwenye maandalizi ya mwisho ya mtihani wa taifa. Tuliisikia habari hiyo kwenye redio ya matroni, tumejazana bwaloni. Mpaka leo mtu akipiga simu kusema alikuwa darasa letu, namuuliza swali moja tu: siku ile usiku tulikula nini? Aliyekuwepo hujibu papo hapo.

Tulikuwa wasichana 118, mikondo mitatu. Leo 84 wamo kwenye grupu letu la WhatsApp, 11 wametangulia mbele ya haki, 6 tunawasiliana nao ila hawamo kwenye grupu, na 17 bado tunawatafuta. Nimekuwa katibu tangu tulipoanza mwaka 2014. Katika miaka hiyo nimeungwa kwenye magrupu mengine matatu ya shule na chuo, na yote yamekufa: moja kwa kelele, moja kwa pesa, moja kwa siasa. La kwetu nalo liliumwa magonjwa hayo yote matatu. Ninaandika namna tulivyolitibu, kwa ajili yako unayetaka kuanzisha la darasa lenu, au ambaye la kwenu limebaki kuwa picha za maua na "asubuhi njema".

Orodha kwanza, grupu baadaye

Wengi hufungua grupu, wakatupia namba kumi walizonazo, kisha wakasema "kila mtu aongeze anaowajua". Ukifanya hivyo utapata watu, lakini hutajua nani hayupo. Nenda dukani ununue kaunta buku. Kaa na wenzako wawili au watatu mliosoma nao, muandike majina yote kwa kukumbuka.

Sisi tulianza kukumbuka kwa madawati, tukakwama kwenye jina la sitini na kitu. Kisha mwenzetu mmoja akasema tukumbuke kwa vitanda. Tukaingia bweni moja baada ya jingine, kitanda kwa kitanda, nani alilala juu, nani chini, nani alikuwa anakojoa taa ikizimwa kwa kuogopa kwenda chooni gizani. Majina yakamiminika. Kama mlisoma kutwa, tumieni njia ya kwenda nyumbani: nani mlitembea naye, nani alikunja kona ya kwanza, nani mlimwacha sokoni. Picha ya mahafali na madaftari ya otografu yatajaza mapengo.

Kila mstari uwe na jina alilotumia shuleni, jina la sasa, mahali alipo, namba, na jina la mwenzenu aliye karibu naye. Hicho cha mwisho ndicho kitakachowasaidia kuliko vyote, na nitakirudia mbele.

Jambo la majina msilidharau. Wanawake tukiolewa na kuzaa tunakuwa Mama Fulani, na kwenye WhatsApp picha yetu ni ya mtoto, waridi au mstari wa Biblia. Mwaka wa kwanza tulikuwa na Mama Brayan watatu na hakuna aliyejua yupi ni yupi. Kwa hiyo kila anayeingia anajitambulisha kwa mstari mmoja: jina la shuleni, mkondo, bweni, na alipo sasa. Usimwombe aseme anafanya kazi gani. Anayetaka kusema atasema. Yule ambaye mambo hayajamnyookea atashukuru kwamba hakuulizwa mlangoni.

Piga simu kabla ya kumuunga mtu

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nusura tumuumize mwenzetu. Tulipopata namba yake kupitia kaka yake, nilitaka kumuunga siku hiyo hiyo, kwa furaha tu. Bahati nzuri bando lilikuwa limeisha, nikampigia simu ya kawaida. Akanieleza kwamba alikuwa amehama mkoa kumkimbia mume aliyekuwa anampiga, na mmoja wetu aliyekuwa tayari kwenye grupu ni wa ukoo wa mume huyo. Ningemuunga, namba yake mpya ingeonekana kwa wote sekunde ile ile, maana kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama anaweza kuiona namba ya mwenzake.

Sasa utaratibu ni huu. Mpigie, mwambie grupu lina watu wangapi na kina nani wamo, muulize kama anataka. Akisema bado, usimbembeleze, mwandike kwenye kaunta buku na mpangie mtu wa kuwasiliana naye. Kiungo cha kujiungia usikiweke Facebook wala kwenye status. Mtumie mtu mmoja mmoja. Na kwenye mipangilio ya grupu washa ile sehemu inayomtaka admini aidhinishe kila anayeomba kuingia. Sisi tulichelewa kuiwasha, akaingia mtu aliyezoa namba zetu zote na kutuunga kwenye biashara ya kupanda mbegu ya elfu hamsini uvune laki.

Muwe na maadmini watatu, wasikae mji mmoja. Mwaka 2017 niliibiwa simu kwenye daladala, nami ndiye niliyekuwa admini peke yangu. Wiki nzima hapakuwa na wa kumuunga mtu wala kumtoa mtu, mpaka niliporudisha laini yangu.

Kelele

Kanuni zetu ni mistari mitano, ziko kwenye maelezo ya grupu ambako kila anayeingia anaziona. Sitaziandika zote. Nitaeleza zile zilizotugharimu machozi.

Ujumbe uliosambazwa hatuuleti kabla ya kuuhakikisha. WhatsApp yenyewe inasaidia: ukiona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikononi mwa watu wengi sana, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kuusambaza kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka huo wa korona tulipokea dawa za kila namna. Tuna wauguzi wanne kwenye darasa letu, tukakubaliana kwamba habari yoyote ya afya inapita kwao kwanza. Angalieni na ninyi mna nani. Kila darasa lina mtu wa afya, mtu wa sheria na mwalimu. Watumieni.

Siasa ya vyama haijadiliwi ndani. Oktoba 2015, wiki ya uchaguzi mkuu, watu tisa walilefti ndani ya siku sita. Walitoka watu waliokula sahani moja miaka minne. Ilinichukua karibu miaka miwili ya kupiga simu kuwarudisha saba, na wawili hawakurudi mpaka leo. Ni miongoni mwa wale sita. Anayependa mjadala huo akafungue grupu lake na wenzake wanaoupenda. Dini vivyo hivyo: tunatakiana Idd njema na Krismasi njema, wote, kwa furaha, ila mahubiri hapana.

Kuhusu usiku, mwanzoni tuliweka kanuni ya kutoandika baada ya saa nne. Tukamkosea mwenzetu aliye Minnesota. Yeye huandika kabla ya kuingia zamu ya usiku saa moja jioni ya kwake, na hapo kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku. Alinyamaza miezi kadhaa akidhani anatusumbua. Sasa kila mtu ananyamazisha mlio wa grupu kwenye simu yake mwenyewe anapolala, na wa ng'ambo wanaandika wanapoweza. Asubuhi tunaamka na salamu zao.

Na bando. Kuna wenzetu wanaonunua bando la siku, la shilingi mia tano. Video moja ya dakika tano inaweza kulimeza. Waelekezeni wote wazime upakuaji wa moja kwa moja: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha ondoa alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Baada ya hapo mtu anafungua anachokitaka tu. Anayetuma video aandike mstari mmoja wa kueleza ni ya nini, ili asiye na bando asipitwe na maana.

Msiba

Hapa ndipo grupu la darasa linapoonekana lina faida gani, na hapa ndipo linaweza kuumiza vibaya.

Mwaka 2016 mmoja wetu aliandika kwamba mama wa mwenzetu amefariki. Alikuwa amesikia kwa jirani. Zikafuata pole kumi, ishirini, na picha za mishumaa. Mwenzetu huyo alikuwa ndani ya basi, anasafiri kwenda hospitali kumuona mama yake aliye mahututi. Alizisoma pole hizo barabarani. Mama alikuwa hai, na aliishi siku tisa zaidi. Sijui kama nitaisahau sauti ya huyo dada aliponipigia.

Tangu siku hiyo taarifa ya msiba inaandikwa na mtu mmoja kati ya watatu tuliowachagua, na haandiki kabla ya kupiga simu mbili: moja kwa mfiwa au nduguye wa karibu, ya pili kwa mtu mwingine wa familia. Kisha anaandika ujumbe mmoja wenye kila kitu: nani amefariki na ana uhusiano gani na mwenzetu, msiba uko wapi, mazishi lini na wapi, nani kati yetu atatuwakilisha na namba yake. Ujumbe huo unabandikwa juu ya grupu kwa siku saba ili usizame.

Maana huzama. Watu 80 wakiandika "pole sana mpendwa, Mungu akutie nguvu", anayetafuta saa ya mazishi haioni. Tunaweka alama ya moyo au mikono kwenye ujumbe, na pole ya maneno tunamtumia mfiwa mwenyewe, kwenye namba yake. Mwanzoni wengine waliona huo ni ubaridi. Mimi nilifiwa na baba mwaka 2019. Pole za kwenye grupu sikuzisoma zote. Zile zilizokuja kwangu peke yangu nilizisoma moja moja, nyingine baada ya mwezi, usiku, nilipokuwa siwezi kulala.

Pesa

Hadi mwaka 2018 tulichanga kama wanavyochanga wengi: msiba ukitokea, mweka hazina anatoa namba, na orodha inapandishwa kwenye grupu, jina na kiasi, jina na kiasi. Kisha mwezi mmoja tukapata misiba miwili. Wa kwanza alikuwa mwenzetu ambaye mume wake ana cheo; zilipatikana milioni mbili na ushee. Wiki mbili baadaye akafiwa na mtoto mwenzetu mwingine, mama lishe. Zilipatikana laki moja na elfu arobaini. Orodha zote mbili zilikuwa pale pale kwenye grupu, mtu anapandisha kidole na kushusha anazilinganisha. Yule mama lishe aliandika asante, na tangu hapo hakuandika neno kwa miaka miwili. Nilipofunga safari kwenda kumuona, alinikaribisha vizuri, akanipikia, na hakulitaja jambo hilo. Nililitaja mimi. Akasema, "Katibu, mimi sikuumia kwa hela. Niliumia kwa kuhesabiwa."

Tukabadilisha kila kitu, na utaratibu huu ningeomba muuchukue kama ulivyo. Kila mmoja anachanga shilingi 24,000 kwa mwaka, kwa mkupuo au elfu mbili kila mwezi. Kila mfiwa anapata rambirambi ya shilingi 200,000, awe nani, mume wake awe nani. Tulikaa tukakubaliana ni misiba ya kina nani: mwenzetu mwenyewe, mzazi, mwenzi, mtoto. Mjadala wa wakwe ulikuwa mrefu na tuliamua hapana, kwa sababu mfuko usingestahimili. Anayetaka kumpa mfiwa zaidi amtumie yeye moja kwa moja, kimya kimya. Orodha inayopandishwa ina majina tu, bila kiasi, na jumla yake chini. Anayeshindwa mwaka huo anamwambia mweka hazina, na tunaojua ni sisi wawili.

Pesa zikae kwenye laini ya peke yake, isiyochanganyika na matumizi ya mweka hazina, na kila robo mwaka apandishe taarifa ya miamala. Sio kwamba hatumwamini. Yeye ndiye aliyeomba hivyo, ili alale usingizi.

Sasa matapeli. Mwaka 2021 mmoja wetu alipigiwa simu na mtu aliyejifanya wa kampuni ya simu, akaombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye ujumbe. Akazisoma. Dakika chache baadaye alikuwa nje ya WhatsApp yake, na mtu mwingine yumo ndani, anatuandikia kwa jina na picha yake: mtoto amelazwa, naomba laki tatu, tuma kwenye namba hii, jina litakuja la shemeji yangu. Wawili walituma. Wa tatu akamuuliza: siku ile Mwalimu alipofariki, usiku tulikula nini? Hakujibu, na hapo tukajua.

Tafuteni swali lenu la namna hiyo, ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote kwenye grupu. Na yeyote akiomba pesa kwa maandishi, mpigieni simu ya kawaida msikie sauti yake. Zile tarakimu sita hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akilia. Kila mmoja aingie kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, awashe uthibitishaji wa hatua mbili, aweke namba yake ya siri ya tarakimu sita. Nilitumia Jumapili mbili kuwapigia wenzangu mmoja mmoja na kuwaelekeza, na ninaiona ndiyo kazi bora niliyowahi kuwafanyia.

Ikishatokea, aliyetekwa asakinishe WhatsApp upya na kuomba namba ya uthibitisho kwenye laini yake. Akiingia, mwizi anatolewa. Aliyetuma pesa apige huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, kabla hazijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040. Na kila mtu mara moja moja abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana kuna waliokuta laini wasizozijua.

Wale walio nje

Nilisema nitakirudia kile kisanduku cha mwisho cha kaunta buku. Kati ya wale sita walio nje ya grupu, watatu wanatumia simu za kitochi. Kila mmoja ana mwenzake aliyekabidhiwa kumpigia Jumapili ya mwisho wa mwezi: kumpa habari zote, na kuleta za kwake kwenye grupu. Nao wanachanga, na rambirambi wanapata sawa na wengine. Tulipokutana Iringa mwaka 2017, mmoja wao aliyatambua majina ya watoto wa watu kuliko sisi tuliokuwa tunaonana kila siku kwenye simu, kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza.

Akifariki mwenzenu

Hakuna aliyetuambia hili, tulijifunza kwa mshtuko. WhatsApp hufuta akaunti ambayo haikutumika kwa siku 120. Mwaka 2019 tulimzika mwenzetu, mwimbishaji wetu wa mchakamchaka. Tulikubaliana asitolewe kwenye grupu, namba yake ibaki. Miezi kadhaa baadaye, jioni moja, likatokea lile neno dogo la kijivu kwamba ameondoka. Simu zikaanza kulia kwangu. Mmoja alikuwa analia, anauliza nani amemtoa. Hakuna aliyemtoa. Baadaye laini yenyewe ikapewa mtu mwingine, tukaona picha ya kijana tusiyemjua.

Kwa hiyo baada ya mazishi, msisubiri. Mwambieni kila mmoja atafute kwenye simu yake picha, sauti na ujumbe wa marehemu, kabla hajabadilisha simu au kufuta vitu ili apate nafasi. Admini mmoja ahamishe gumzo la grupu pamoja na midia, alihifadhi kwenye flashi na kwenye barua pepe. Vitu vyake viwekwe kwenye faili moja lenye jina lake. Waambieni familia kwamba faili lipo.

Mwezi wa sita uliopita nilipigiwa na binti wa mwimbishaji wetu. Yuko kidato cha pili. Alitaka kujua kama ni kweli mama yake alikuwa anaimba. Nikafungua faili, nikamtumia sauti ya sekunde 47 iliyorekodiwa Iringa mwaka 2017: mama yake anaanzisha, na sisi tuliobaki tunaitikia.